Kituo kimoja, majina mawili: Nilivyopitilizwa Arsenal

Nimerudi Bongo salama, na baridi ya kwa Malkia (siku hizi kwa Mfalme) ndiyo kwanza inaanza kunitoka kwenye mifupa.

Tangu nitue, kila kijiwe ninachopita naulizwa swali moja: "Umeona nini London?" Watu wanategemea niwaambie habari za ile saa kubwa, daraja linalofunguka na walinzi wenye kofia za manyoya. Hayo mmeshayaona kwenye picha mpaka mmechoka. Leo nataka niwasimulie habari za ukuta. Ukuta wenyewe una vigae, uko chini ya ardhi, na ulinitoa jasho wakati nje watu wanatetemeka.

Ilikuwa hivi. Mjomba wangu, mdogo wake mama, anaishi London ya kaskazini tangu mwaka 1991. Siku yangu ya pili pale mjini alikuwa na miadi hospitali, kwa hiyo akaniachia maelekezo ya kurudi nyumbani peke yangu: panda treni ya chini ya ardhi, laini ya Piccadilly, ile yenye rangi ya bluu iliyokolea kwenye ramani. Hesabu King's Cross, Caledonian Road, Holloway Road, halafu Arsenal. Shuka hapo, nitakukuta mlangoni.

Jamani, kuna mtu wa kunielekeza mimi Arsenal? Timu ninayoishabikia tangu nikiwa darasa la tatu, niliyopigania mpaka nikachaniwa shati la shule! Nikavaa spika zangu za masikioni, nikafungulia muziki, nikakaa kama mwenyeji.

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Milango ikafunguka. Nikachungulia ukutani, nikaona maandishi makubwa ya vigae, herufi ndefu kama mkono: GILLESPIE ROAD. Nikasema moyoni, hapa sipo. Nikatulia zangu. Milango ikafunga. Treni inaanza kuondoka ndipo nikakiona kile kibao chao cha duara jekundu lenye mkanda wa bluu katikati. Kimeandikwa ARSENAL.

Nilisimama kama mama aliyesahau mtoto sokoni. Mzungu mmoja mzee akanitazama juu ya gazeti lake, akarudi kusoma. Treni haina "shusha konda". Nikapelekwa mpaka Finsbury Park, nikashuka, nikapanda ya kurudi. Kosa ni langu, na muziki wangu masikioni, maana mle ndani vituo vinatangazwa. Lakini swali likabaki: kwa nini ukuta uwe na jina lake na kibao kiwe na jina lake?

KILIBADILISHWA JINA KWA AJILI YA MPIRA

Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo. "Wewe shabiki gani usiyejua habari ya Gillespie Road?"

Basi akanipa shule. Kituo kile kilifunguliwa Desemba 1906, na jina lake halali lilikuwa Gillespie Road, jina la mtaa wa pale. Arsenal wenyewe hawakuwepo. Walikuwa huko Woolwich, kusini mwa mto Thames, na walihamia Highbury mwaka 1913, karibu kabisa na kituo. Mwaka 1925 akaja kocha Herbert Chapman, mtu mwenye akili za biashara kuliko zama zake. Akaona treni inashusha washabiki mlangoni kwake kila wiki, halafu kituo kinatangaza jina la mtaa! Akawaganda wakubwa wa reli. Kubadilisha jina maana yake ni kubadilisha tiketi, ramani na vibao, siyo kazi ya siku moja. Lakini tarehe 31 Oktoba 1932 kituo kikawa Arsenal. Mpaka leo ndicho kituo pekee cha treni za chini ya ardhi za London chenye jina la klabu ya mpira.

Sasa Chapman aliweza kubadilisha tiketi na ramani, ila ule ukuta wa vigae ulibaki na jina lake la kuzaliwa. Na Highbury yenyewe haipo tena. Mechi ya mwisho ilichezwa tarehe 7 Mei 2006 dhidi ya Wigan, 4-2, Thierry Henry akatupia tatu. Timu ikahamia uwanja wa Emirates, hatua chache kutoka pale, na uwanja wa zamani ukageuzwa nyumba za kuishi watu. Kwa hiyo ukisimama kwenye kile kituo unasoma historia mbili kwa mpigo: mtaa uliokuwepo kabla ya timu, na timu iliyobaki na jina baada ya uwanja wake kuondoka.

KIJANA ALIYECHORA KWA RANGI

Vigae vile vilibuniwa na msanifu majengo mmoja kijana, Leslie Green. Kampuni ya reli ilimpa kazi ya vituo karibu 50 vya laini tatu mpya, na vikafunguliwa mwaka 1906 na 1907. Nje alivivika vigae vyekundu vya damu ya mzee, na vingi unaviona mpaka leo ukikatiza mitaa ya London. Kazi ile ilimchosha mno. Alikufa mwaka 1908 akiwa na miaka 33 tu.

Chini, kwenye kuta za kusubiria treni, alifanya ujanja mwingine. Kila kituo alikipa mchoro wake na rangi zake. Covent Garden ni manjano. Caledonian Road ni zambarau. Abiria aliyezoea njia hana haja ya kusoma kitu, anatupa jicho dirishani anajua yuko wapi. Na jina la kituo, pamoja na maneno ya kuelekeza njia ya kutokea, akayachomea humohumo kwenye vigae. Yaani kibao na ukuta ni kitu kimoja. Huwezi kukibandua uende nacho.

Vibao vinavyotumika leo vina asili nyingine. Lile duara jekundu lilianza mwaka 1908. Mwaka 1916 ndipo Edward Johnston alipotoa herufi zake, nyofu, safi, zisizo na mikia, zilizoagizwa na bosi mmoja wa reli aliyeitwa Frank Pick. Herufi hizo zilifanyiwa marekebisho mwaka 1979 na Mjapani Eiichi Kono, zikaguswa tena mwaka 2016 zilipotimiza miaka 100. Ukiziona mahali popote duniani unajua hii ni London, kama sisi tunavyoijua kanga kwa jina lake.

MACHO YA MJOMBA

Mpaka hapo nilidhani ni habari ya watalii na mapicha. Lakini jioni ile ndipo nilipojua kwa nini mjomba alikuwa hospitali. Ana presha ya macho. Miaka mitano sasa. Jicho la kushoto ndiyo basi tena, la kulia anaona kama anayechungulia kwenye bomba.

Nyumbani tulikuwa hatujui. Kwenye simu kila siku ni "mzima tu, dada". Mama angejua angeshamwambia afunge virago arudi.

Kesho yake tukapanda naye treni. Nikamwangalia. Kibao cha duara hakisomi, kikishakuja kimeshapita. Lakini tulipoingia Caledonian Road, akagusa mkoba wake. "Zambarau," akasema. "Bado viwili." Tulipofika kwetu aliinuka kabla mlango haujafunguka. Hakuwa ameuliza mtu yeyote.

"Mjomba, kituo kikiwa na ukuta mweupe inakuwaje?"

"Hapo nakuwa kipofu kweli," akajibu, kisha akacheka kama vile ni utani. Aliwahi kupotea katika stesheni moja kubwa, kuta zote zinafanana kama za wodini. Alizunguka saa nzima kwa sababu aliona haya kuuliza.

Basi nikawa upande wa vigae moja kwa moja. Nikatangaza mezani wakati wa chakula kwamba atakayegusa ukuta ule apelekwe Keko! Binamu yangu, binti yake mjomba, ana miaka 22 na ulimi mkali, akanishusha.

"Wewe umekuja wiki mbili tu," akasema. "Rafiki yangu anatembelea kiti cha magurudumu. Arsenal haiwezi, kuna ngazi, lifti hakuna. Watu wanalilia vigae, nani anamlilia yeye? Halafu kibao kilichokupoteza wewe si hichohicho unachokitetea?"

Nikabaki nakoroga wali. Binti ana hoja. Kibao kazi yake ya kwanza ni kumfikisha mtu, siyo kupendeza. Mshale wa mwaka 1906 unaweza kukuelekeza kwenye njia iliyoshazibwa. Na siyo kila kigae unachokiona ni cha kale. Katika baadhi ya vituo, vya zamani vilishachakaa, vikawekwa vipya vilivyotengenezwa kwa mfano wa vile vya Green. Nilimuuliza mjomba kama hiyo siyo feki. "Rangi ni ileile," akasema. "Mimi inanitosha."

Serikali yao nayo imeshaingia kati. Mwaka 2011 iliviweka vituo kadhaa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, vikiwemo Caledonian Road, Covent Garden na Russell Square. Kwenye hivyo hakuna anayeamka asubuhi na nyundo yake.

KIBAO NI SIASA

Msidhani wenzetu wamemaliza ugomvi. Septemba 2023, wakati wa wiki ya mitindo, kituo cha Bond Street kilivishwa vibao vya "Burberry Street", tangazo la kampuni ya nguo. Abiria wakachanganyikiwa, hasa wageni. Mwaka 2024 zile laini za treni za juu zinazoitwa Overground, zilizokuwa na rangi moja ya chungwa kwenye ramani, zilipewa majina sita na rangi sita kwa gharama ya pauni milioni 6.3. Mojawapo inaitwa Windrush, kukumbuka wahamiaji waliotoka visiwa vya Karibiani. Nyingine Lioness, kwa heshima ya timu ya mpira ya wanawake ya Uingereza. Kuna waliosifu, kuna waliosema pesa zimetupwa.

Na kule Whitechapel, mashariki mwa jiji, mwaka 2022 viliwekwa vibao vya Kibengali kando ya vile vya Kiingereza, maana Wabangladeshi wameujenga mtaa ule kwa vizazi. Februari 2025 mbunge mmoja akaja juu, akisema jina la kituo liwe kwa Kiingereza peke yake. Nilikwenda kupiga picha pale. Mama mmoja wa Kibengali aliyevaa sari alikuwa amesimama chini ya kibao anamsubiri mtu. Hakuwa anakisoma wala nini. Alikuwa amesimama tu chini yake, kama unavyosimama chini ya mwembe wa kwenu.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu. Kibao kipya kiwepo, kikubwa, kisomeke, na lifti ijengwe. Lakini ukuta wa zamani uachwe ulipo. Vyote viwili vinaenea. Gillespie Road haijamzuia mtu yeyote kwenda Arsenal, isipokuwa mshamba mmoja mwenye spika masikioni.

NA SISI JE?

Sisi Dar hatuna vigae vya mwaka 1906. Kibao chetu ni mdomo wa konda. "Buguruni Sheli! Sheli wapo?" Barabara ya Nyerere wazee bado wanaiita Pugu Road. Kariakoo ni wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps, wa vita ya kwanza ya dunia. Jeshi liliondoka, jina tumebaki nalo, tena tumelifinyanga likawa letu. Majina yetu yapo hewani, hayalindwi na sheria yoyote. Siku tukinyamaza yamekwisha.

Siku ya kuondoka mjomba alinisindikiza mpaka chini. Tukasimama mbele ya ule ukuta, treni bado dakika tatu. Nilikuwa nimeshamwahidi kwamba habari ya macho nitamwambia mama mimi mwenyewe, ana kwa ana, siyo kwa simu. Yeye alikuwa kimya, ameweka kiganja kwenye kigae.

"Hivi mjomba," akaniuliza ghafla, "pale Tabata, Dampo bado wanaita Dampo?"

Dampo lenyewe lilishafungwa zamani, hata harufu haipo. "Bado mjomba. Tabata Dampo. Makonda wanaita kila siku."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi nikirudi nitafika nyumbani."

Mama nimeshamwambia. Kalia siku nzima, halafu jioni kaagiza mafundi wapake rangi chumba cha uani. Kauliza mjomba anaona rangi gani vizuri. Nimemwambia zambarau.

Tuonane wiki ijayo.