Mbuyu Ndani ya Bakuli

Wahenga walisema, Mbuyu ulianza kama mchicha. Mimi ninao mbuyu wenye umri wa miaka 11, na kimo chake ni shibiri mbili tu. Nitawaeleza habari zake, maana ndani yake mna kosa langu.

Nyumba ninayokaa hapa Mikindani, karibu na Mtwara, ni ya zamani, ya mawe na chokaa. Juu yake hapana makuti wala mabati, ila sakafu tambarare. Nilikuwa nimesoma habari za Wajapani, jinsi wanavyolea miti katika vyombo vidogo isipate kuwa mikubwa, nao huiita bonsai, yaani mmea wa chombo. Msonobari wao mmoja ulianza kulelewa hivyo mwaka 1625; uliokoka katika bomu la Hiroshima la mwaka 1945, na mwaka 1976 ukapelekwa Marekani uwe zawadi. Nikatamani kufanya vivyo hivyo kwa mti wa kwetu.

Nikatwaa mbegu kumi za mbuyu, nikazimwagia maji ya moto, nikaziacha zilale humo usiku kucha, kwa kuwa ganda lake ni gumu mno. Mwezi wa Desemba nikazipanda katika makopo, zikaota saba. Jueni ya kwamba jani la mbuyu mchanga ni moja moja, halina vidole kama la mbuyu mkubwa. Ndiyo sababu watu wengi hupita karibu na mche wake wasiutambue. Mvua za mwaka wa pili zilipoanza, nikaing'oa miche, nikaikata mizizi mikuu kwa kisu kikali, nikayaacha majeraha yakauke siku chache, kisha nikaipanda katika mabakuli ya udongo yenye matundu chini.

Ikastawi yote saba. Walakini mwezi wa Juni, pepo za kusi zilipovuma, majani yakadondoka. Nikashikwa na hofu, nikainywesha asubuhi na jioni.

Aliyenipandishia maji ni kijana mmoja wa darasa langu. Kazi ile ilikuwa adhabu yake, kwa sababu hakuweza kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Baada ya majuma machache mashina sita yakalainika, yakaoza. Nikamwambia atupe yote. Akalishika bakuli la saba, akasema kwa adabu, "Mwalimu, huu haujafa, umelala tu." Nikamjibu, "Wewe kitabu kimekushinda, utajua mambo ya miti?" Akanyamaza, akashuka ngazi.

Mwezi wa Desemba, baada ya mvua ya kwanza, nikasikia sauti mlangoni, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yeye, na bakuli mkononi, na juu ya kijiti kile majani mawili mabichi. Nikamwuliza ametia dawa gani.

"Sikutia kitu, Mwalimu. Niliuweka upenuni kwa babu, nisiutie maji hata mara moja. Mibuyu ya shambani kwetu hupukutika kila mwaka, wala hakuna mtu ainyweshaye."

Nikaona haya. Tangu utoto wangu nimeiona mibuyu mikubwa ikisimama uchi wakati wa kiangazi, ikiishi kwa maji iliyoyaweka ndani ya shina. Nisikumbuke ya kuwa mtoto hufuata tabia ya mzazi. Tena nikatambua ya kuwa kijana yule nilimtenda kama nilivyoitenda miche: nilipoona hana majani, nilizidi kumwaga.

Kesho yake nikamwomba radhi mbele ya darasa lote, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipompa adhabu. Tangu siku ile tukawa tukikaa juu ya sakafu kila jioni, yeye na kitabu, mimi kimya, hata neno litoke lenyewe. Kazi ile ilitwaa miaka miwili. Siku aliposoma ukurasa mzima pasipo kusita, hakuna aliyepiga makofi, maana tulikuwa sisi wawili tu na mbuyu.

Hata leo, kila kusi ikivuma na majani yakianza kudondoka, mkono wangu hulitafuta kopo la maji. Hulishika, kisha huliweka chini, nikangoja.