Nyumba za Lamu na Arubuni ya Mgeni

Mwenye kuteremka gatini Lamu na kuingia mtaa wa Mkomani hupita vichochoro ambamo punda wawili hupishana kwa taabu, baina ya nyumba za mawe zenye madaka na milango ya nakshi. Mji huu wa kale uliingizwa katika urithi wa ulimwengu mwaka 2001, na nyumba kadha wa kadha hukodishwa wageni kwa siku chache.

Machi 2020, kwa maradhi ya Korona, Kenya ilizuia ndege za abiria kutoka nchi za nje hadi tarehe 1 Agosti. Vyumba vikabaki vimetandikwa, na arubuni imekwisha kupokewa, pengine imekwisha kununua chokaa. Je, ni halali ya nani?

Jumhuri ya wanazuoni, Mashafii wakiwamo, hawajuzishi arubuni ya kupotea. Imamu Ahmad bin Hanbal aliiruhusu. Lakini hata kwa kauli yake, hiyo ni ya mnunuzi aliyegeuza nia. Mgeni huyu hakugeuza, alizuiliwa. Akiridhia kuahirishiwa safari, ni sulhu njema. Akidai fedha zake, arudishiwe. Na mwenye nyumba asiyekuwa nazo apewe muhula, deni liandikwe mbele ya mashahidi.