Mazuku Chini ya Nyumba

Toronto ni mji wenye historia ndefu ya kutia hewa ndani ya maji. Mwaka 1890 mfamasia John J. McLaughlin alianza kutengeneza humo maji ya soda, na mwaka 1904 akatoa kinywaji cha tangawizi ambacho dunia inakijua kwa jina la Canada Dry. Kwa hiyo mzee mmoja wa Tanga, fundi mitambo mstaafu anayeishi Scarborough, hakuzua jambo geni alipoanza kupika tangawizi yake mwenyewe: mizizi iliyopondwa, ndimu, sukari, pilipili manga kidogo. Alitaka ile inayopanda puani, ambayo wageni wake wa futari waliikumbuka kutoka nyumbani. Kilichokosekana kilikuwa gesi.

Mashine ya soda ya nyumbani hutumia mtungi mdogo wenye gramu 410 za hewa ya ukaa. Ukiisha, hurudishwa dukani na kubadilishwa kwa bei ambayo nyumba yenye wageni wengi huihisi. Mzee akanunua mtungi mkubwa wa kilo tisa, wa aina inayotumiwa na mabaa, pamoja na mpira na valvu za kuunganishia. Kilo tisa hujaza mitungi midogo ishirini hivi.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Ndani ya mtungi, sehemu kubwa ya hewa hiyo ni kimiminika, kilichobanwa kwa shinikizo ambalo katika nyuzi 20 hufikia takriban mara 57 ya shinikizo la anga. Mtungi mdogo hulazwa kwanza katika friza. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri, shinikizo lake hushuka hadi mara 20 hivi. Mkubwa hupinduliwa kichwa chini ili kinachotoka kiwe kimiminika, na tofauti hiyo ya joto hukisukuma kutoka chombo chenye uvuguvugu kwenda chombo baridi. Kisha inakuja mizani ya jikoni. Mtungi hupimwa ukiwa mtupu, hupimwa tena ukishajazwa, na gramu 410 hazivukwi. Kimiminika hutanuka kinapopata joto. Kikikosa nafasi ya kutanukia, shinikizo hupanda mpaka kisahani cha usalama kipasuke. Hayo yote mzee aliyajua na kuyazingatia. Lakini Januari ya Toronto haimruhusu mtu kukaa uani, basi kazi aliifanyia chini ya nyumba, katika besimenti, mlango umefungwa ili joto lisitoke.

Onyo lilitoka kwa jirani, mama mmoja wa Goma, aliyeshuka ngazi kurudisha bakuli, nalo halikuwa tupu. Alisikia gesi ikifoka mpirani, akauliza ni nini, akaelezwa.

“Papa,” alisema, “ile iko mazuku.” Akaliweka bakuli kwenye ngazi, akapanda juu, na hakukubali kushuka tena.

Kati ya Goma na Sake, kandokando ya Ziwa Kivu, hewa ya ukaa hupenya katika nyufa za miamba ya volkano. Kwa kuwa ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, hutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Haina rangi, wala harufu ya kumshtua mpita njia. Mbuzi huanguka kabla ya mchungaji, na mtoto kabla ya mama yake, kwa sababu vichwa vyao viko karibu zaidi na ardhi. Mahali hapo, na hewa yenyewe, watu wa huko hupaita na kuiita mazuku. Wanasayansi wa volkano walilichukua neno hilo kama walivyolikuta: katika makala za Kiingereza na Kifaransa hulifasiri mara moja kuwa upepo mbaya, kisha huliacha lijitegemee. Kabla ya kamati yoyote ya istilahi kuketi, wafugaji na wavuvi wa Kivu walikwisha kuipa sayansi neno lake.

Kiswahili cha shule kina jina jingine, hewa ya ukaa, lenye asili moja na makaa. Jina hilo husema hewa imetoka wapi. Mazuku husema inakaa wapi na inafanya nini. Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Sheria ya Ontario huzitaka nyumba zenye tanuri la gesi ziwe na king’ora cha monoksidi ya kaboni, na mlangoni mwa besimenti kilikuwepo kimoja, taa yake ya kijani ikiwaka. King’ora hicho hakiitambui dioksidi ya kaboni. Majina mawili yanayotengana kwa silabi chache yalikuwa yamemfanya mzee ajione analindwa.

Jioni ile alipiga hesabu nyuma ya bahasha. Kilo tisa zikivuja zote huwa takriban mita za ujazo tano. Chumba kilikuwa mita tatu kwa nne, dari mita 2.4, yaani karibu mita za ujazo 29. Sehemu moja kati ya sita ya hewa ya humo ingekuwa mazuku, na moja kati ya kumi yatosha kumpotezea mtu fahamu kwa dakika chache. Humo ndimo wajukuu zake walimotandikiwa magodoro sakafuni kila Jumamosi.

Siku hizi mtungi mkubwa umefungwa kwa mnyororo katika kibanda cha uani, na ujazaji hufanyika nje. Katika baridi kali mitungi yote miwili huwa na ubaridi mmoja na kimiminika hakisukumwi na kitu. Kwa hiyo akiba ya majira ya baridi hujazwa Oktoba, kama watu wawekavyo nafaka. Juu ya lebo ya kiwanda pameandikwa neno moja kwa rangi nyeupe: MAZUKU. Wajukuu, ambao Kiswahili chao ni cha salamu na majina ya vyakula, wanalijua neno hilo. Aliye mdogo kuliko wote, kila apitapo hapo, huweka kiganja juu ya utosi wake kupima kimo, kwa kuwa ameambiwa kwamba hewa hiyo huwafikia kwanza walio wafupi.