Aibu Ilinikausha Jangwani

Akina mama wenzangu, kwa miaka zaidi ya ishirini ya uuguzi nimewaambia wagonjwa, "Kunyweni maji." Lakini mwezi wa Juni 2019, katika jangwa la Arizona huko Marekani, mimi mwenyewe nilijinyima maji, na nusura yanitokee makubwa.

Nilikuwa nimekwenda kumtazama binti yangu na mumewe. Walikodi gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo. Tulilala siku nne kambini karibu na mji wa Flagstaff. Kila asubuhi tulitoka na gari letu kutembelea magofu na njia za milimani, na jioni tulirudi kupika.

Yote yalinifurahisha isipokuwa choo. Mlango wake ulikuwa mwembamba kama wa kabati, na hatua mbili tu kutoka pale ameketi mkwe wangu! Jioni ya kwanza nilimwona akivaa glavu, akaunganisha bomba na kumwaga tangi la uchafu. Nikasema moyoni, "Mkwe wangu amwage haja yangu?" Kambini kulikuwa na vyoo vya wote, nikavitumia hivyo. Njiani nikawa nalowesha midomo tu.

Siku ya tatu tulipanda kilima cha Lenox, jirani na Sunset Crater, volkeno iliyolipuka karibu mwaka 1085. Njia ni mwinuko wa majivu meusi, na mahali penyewe pako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni kavu hata jasho hukauka kabla hujalifuta, ukadhani hutoki jasho kabisa. Ndivyo jangwa linavyomdanganya mgeni.

Mchana tukateremka hadi Wupatki. Ni nyumba ya mawe mekundu yenye vyumba vipatavyo 100, iliyojengwa katika miaka ya 1100. Kwa Wahopi, ambao ni wazao wa watu wale, mahali hapo hapajaachwa; wahenga wangali wapo. Mgeni haruhusiwi kupanda kuta zake. Nilitazama vile vyumba vidogo, nikawaza: wazee, wakwe na wajukuu waliishi humu wakisikiana hata kikohozi, na maji yenyewe yalikuwa ya kutafuta.

Ndipo kichwa kikaanza kunigonga, misuli ya miguu ikakaza na kichefuchefu kikanijia. Dalili hizo nilizijua vizuri.

Pale Wupatki kuna tundu ardhini linalopumua: mara huvuta hewa, mara huitoa. Mchana ule lilikuwa likitoa hewa baridi. Mkwe alinishika mkono, akaniketisha kando yake. Binti yangu akauliza, "Mama, umekunywa maji lini?" Nikamnong'oneza ukweli wote. Naye akamnong'oneza mumewe.

Yule kijana hakusema neno. Alikimbia garini, akarudi na maji, sukari na chumvi. Nilikunywa polepole, na baada ya saa moja nikaweza kutembea. Kuanzia hapo, kila baada ya muda alisimamisha gari na kumwambia mkewe, "Twende tukatazame milima." Walishuka wote wawili, wakaniacha peke yangu garini. Milima ile waliitazama sana!

Siku ya mwisho nilivaa glavu, nikamshikia bomba. Alisita kidogo, kisha tukacheka wote.

Mama mwenzangu, ukisafiri penye joto, kunywa maji kabla kiu haijaja, na uangalie mkojo wako: ukiwa wa rangi nzito, mwili unadai. Aliyelegea kwa jua apelekwe kivulini, alegezewe nguo, apewe maji kidogo kidogo. Ukitaka kuyachanganya, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, usimnyweshe kitu. Mpooze kwa maji na kumpepea, na mkimbizeni hospitali.

Na kama ni aibu inayokuzuia, mwambie mmoja wa wenzako mapema. Mimi nilingoja mpaka nikashikwa mkono.