Kabla Hujalipa, Lipitishe Kawangware

IWAPO umewahi kupita Barabara ya Ngong jijini Nairobi, bila shaka umeyaona magari makubwa yaliyotumika yakiwa yamepangwa kwenye yadi, yaking'aa kama sahani za arusi. Yamkini umeshapata mkopo wa chama chako cha akiba, na nyumbani wanangoja gari la kwenda mashambani Desemba, pamoja na nyanya anayeumwa mgongo. Je, uchukue Range Rover au Land Cruiser?

Usijibu ungali yadini. Lami laini haisemi ukweli. Twende tukayaulize matuta.

Anza na Range Rover, tuseme la mwaka 2010. Kutoka Adams Arcade, shuka hadi Kibera Drive. Enda polepole, kwani hapa barabara ni ua wa watu: watoto watoka shule, mikokoteni ya maji yapita na mama muuza samaki yuko hatua mbili tu kutoka kwenye gurudumu lako. Ukipanda tuta hutahisi kitu. Chini ya gari hilo hamna springi za chuma, bali mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Nyanya atasinzia.

Sasa ingia Land Cruiser 200, aina iliyoanza kuuzwa 2007. Pitia Dagoretti Corner, ushike Barabara ya Naivasha hadi Kawangware. Hili lina springi za chuma, na ekseli ya nyuma ni moja nzima. Gurudumu moja likitumbukia shimoni, mwenzake hupata habari. Mtatikisika kidogo.

Hata hivyo, usiharakishe kulihukumu. Simama kwa mafundi wa jua kali, usalimu, kisha uulize: "Likiharibika, mtaliweza?" Springi ya chuma huonekana kwa macho na hubadilishwa kwa spana na jeki. Mpira nao huzeeka, hupasuka na kuvujisha hewa; pampu hufanya kazi bila kupumzika hadi ife, na gari huchuchumaa. Kutambua kasoro mara nyingi huhitaji kompyuta.

La hasha, sisemi kila Land Cruiser ni zima. Lililotupwa bila huduma ni hatari kuliko Range Rover lililotunzwa. Chungulia chini utafute kutu na oili inayotiririka kwenye shokamzoba. Range Rover nalo litazame asubuhi kabla halijawashwa: likiwa limeinama upande mmoja, hewa inavuja. Thibitisha mmiliki kupitia NTSA. Fauka ya hayo, kumbuka kwamba Kenya hairuhusu kuagiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Muuzaji akiapa kwamba la 2010 limeshuka melini juzi, jiulize maswali.

Ukiwa waishi na kuzunguka mjini, nawe umetenga pesa za matengenezo, raha ya Range Rover yaweza kukufaa. Lakini safari zako zikiwa za mbali na mfuko ni wa kuhesabu, vumilia mtikiso wa Land Cruiser. Starehe inayokwama Mau Summit usiku, nyanya akitetemeka kwa baridi, si starehe tena.

Na muuzaji akikataa lisipitishwe Kawangware? Mshukuru, uende zako. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.