Barua kutoka Ohio: Likizo ndani ya maktaba

Columbus, Julai

Shemeji,

Uliniuliza kwenye simu watoto wa huku wanafanya nini likizo yote hiyo. Ulihesabu ukaona shule zinafungwa mwisho wa Mei na kufunguliwa katikati ya Agosti, ukasema mtoto wa darasani kwako akikaa nyumbani muda huo wote atasahau hata jina lako. Salio liliisha kabla sijakujibu, basi soma.

Wenye uwezo huwapeleka watoto wao kambi za kulipia: kuogelea, kupanda farasi, kutengeneza roboti. Sisi tunaopakia mizigo maghalani usiku na kuhudumia wazee mchana, tunawapeleka maktaba.

Jengo kuu la maktaba ya mji huu lilifunguliwa mwaka 1907 kwa fedha za Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma aliyegharimia maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Juu ya mlango wamechonga maneno ya kusema kwamba pako wazi kwa wote. Nchi hii ina maneno mengi mazuri yaliyochongwa kwenye mawe na hayakutimizwa. Enzi hizo kusini mwa nchi hii mtu mweusi alikuwa hakanyagi maktaba ya Wazungu. Na tusiwacheke peke yao: Maktaba ya McMillan pale Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ilikuwa ya Wazungu tu kwa miaka mingi. Lakini leo hapa Columbus naweza kusema maneno ya mlangoni yana ukweli. Unaingia na mtoto, na kandambili zako, na Kiingereza chako cha kuombea maji, na hakuna anayekuuliza umefuata nini.

Kiangazi kikianza, watu wa maktaba wanagawa kadi yenye visanduku. Ukisoma unatia alama, na ukifika mwisho unapata zawadi, mara nyingi kitabu cha kubaki nacho nyumbani. Si jambo la jana. Jirani zetu wa Cleveland, kaskazini mwa jimbo hili hili, walikuwa na chama cha watoto wasomaji tangu 1897, na Linda Eastman, mmoja wa waliokisimamia, alikuja kuwa mkuu wa maktaba ya huko mwaka 1918, wakati kiti kama hicho kilikuwa cha wanaume.

Mimi nina shaka na zawadi. Mtoto akizoea kulipwa ili asome, malipo yakikoma itakuwaje? Wapo wajanja wanaochagua vitabu vyembamba ili kadi ijae upesi. Wakutubi wanalijua hilo, ndiyo maana siku hizi maktaba nyingi zinahesabu dakika au siku badala ya vitabu, na kusomewa nako kunahesabiwa, kwa lugha yoyote ile. Jirani yangu, mama wa Uvira, humsomea mjukuu wake Biblia ya Kiswahili jioni barazani, na kadi ya mtoto inajaa kama za wenzake.

Wewe mwalimu utataka sababu ya mahangaiko yote haya. Mwaka 1996 mtafiti Harris Cooper na wenzake walipitia tafiti 39, wakaona kwamba wanafunzi hurudi kutoka likizo ya kiangazi wakiwa wamepoteza wastani wa kama mwezi mmoja wa masomo, na kwamba katika kusoma pengo kati ya watoto wa wenye nacho na wasio nacho linapanuka. Wengine wamebisha baadaye kuhusu ukubwa wa hasara yenyewe. Wabishane; wewe unayepokea darasa kila Januari unajua unachokiona.

Sasa nikupe kituko. Kuna siku wanaleta mbwa maktabani, watoto wawasomee. Usicheke. Mpango huo ulianzia Salt Lake City mwaka 1999, na hoja yake ni kwamba mtoto anayekwama kwenye maneno anaona haya mbele ya mwalimu na wenzake, lakini mbwa hamcheki wala hamkosoi. Mbwa wenyewe wamefundishwa, wanalala chini kwa adabu zao. Mama mmoja wa Kisomali alipomwona mnyama yule kwenye zulia alikusanya buibui lake na wanawe akahamia upande wa pili, na mkutubi, bila kununa, akawatafutia meza yao na kitabu chao. Mwanangu wa kati, yule mwenye kigugumizi, alimsomea yule mbwa kitabu kizima. Nyumbani sijawahi kumsikia akimaliza ukurasa.

Saa sita mchana kuna chakula. Fedha zake zinatoka serikali kuu, katika mpango ulioanza kwa majaribio mwaka 1968, kwa sababu shule zikifungwa watoto wanaotegemea mlo wa shuleni hubaki na njaa. Katika matawi yanayogawa, mtoto yeyote hadi miaka 18 anapanga foleni, anapewa sandwichi, tunda na maziwa, anakula hapo hapo. Haulizwi jina wala karatasi za uhamiaji. Sisi watu wazima tunakaa pembeni na chupa zetu za maji, tukijifanya tumeshiba.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni kwamba kadi zile za kusoma wanapewa hata watu wazima. Chumba cha pili kuna mazoezi ya kuzungumza Kiingereza, kuna wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia, kuna kijana anayesaidiwa kuandika maombi ya kazi. Dereva wa lori anayefuatilia riwaya za upelelezi ana kadi yake, bintiye ana yake, wanaoneshana nani ametangulia. Kwetu mtu mzima akionekana na kitabu anaulizwa ana mtihani gani. Tunawaamuru watoto wasome huku sisi tumekodolea macho simu, kisha tunalalamika kwamba kizazi hiki hakipendi vitabu.

Usidhani ni bure ya mbinguni. Maktaba za Ohio zinapata fedha za kodi ya jimbo, na nyingi zinaongezewa na kodi ya majengo ambayo wananchi wenyewe huipigia kura. Mwenye nyumba wangu hunikumbusha kila anapopandisha pango. Nalipa nikinung'unika, ila kodi hii angalau naiona inakokwenda.

Kuna uamuzi mmoja nataka uutafakari. Tangu Januari 2017 maktaba ya Columbus haitozi faini kwa anayechelewa kurudisha kitabu. Waliona kwamba faini haikuwa inarudisha vitabu bali inafukuza watoto: mzazi akidaiwa dola chache, anamkataza mtoto asikanyage tena. Kitabu kikipotea kabisa unalipia kitabu, basi. Miji mikubwa, Chicago na New York ikiwamo, imefuata njia hiyo hiyo.

Hapo ndipo nafika kwako, shemeji. Sisi hatukukosa wazo. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya uhuru yenyewe, na hakuichagua siku hiyo kwa bahati. Vitabu tunavyo, vichache lakini vipo. Vile vilivyoletwa shuleni kwako na wafadhili bado vimo kabatini ofisini, vimefungiwa visichafuliwe, na watoto wanavitazama kwa kupitia kioo.

Desemba shule zikifungwa, mwombe mwalimu mkuu ule ufunguo. Fungua darasa moja, siku mbili kwa wiki, asubuhi tu. Usiite twisheni, usitoze hata shilingi, na usimtoe mzazi atakayeingia na mwanawe. Dada atapika uji, najua hatakataa. Sukari na unga nitatuma. Vitabu vitakavyochanika niandikie orodha yake, mimi na Watanzania wenzangu wa hapa tutavinunua vingine.

Nijibu kabla ya Novemba, ili hela ikufikie mapema.

Wako, shemeji yako wa Ohio.