Nauli ya Saa Nane Usiku

Shuleni waliniita Mkokoteni. Msicheke. Nilizaliwa juu yake, mwaka 1996, mvua inanyesha, kati ya kijiji chetu upande wa Bukene na Nzega mjini. Baba alikuwa amembembeleza mwenye pikapu tangu jioni. Jamaa akataka hela yote mkononi kabla hajawasha gari. Baba kauza mbuzi, haikutosha. Ikabidi wafunge ng'ombe. Mama alipona kwa rehema za Mungu tu.

Basi bwana, Februari 2024 nilikuwa palepale kijijini, wifi yangu akajifungua zahanati saa saba usiku. Mtoto wa kiume, mzima, sauti kama mpiga debe wa stendi. Tukapiga vigelegele. Muuguzi hakupiga. Alikuwa anatazama damu, haikati. Akamchoma sindano, akatundika dripu, akaniambia, "Dada, shika hapa," kisha akatoa simu akapiga 115.

Nikajua yale ya pikapu yanaanza upya. Mama naye alijua, maana alishafungua pindo la kanga, anahesabu noti.

Sasa sikilizeni. Simu ya 115 ni bure, na hupokelewa kituo cha mkoa, kwetu sisi ni Tabora. Mpokeaji anauliza maswali ya hali ya mgonjwa, anaingiza majibu kwenye programu, inamwonyesha apelekwe hospitali gani na gari gani liko karibu. Ambulansi ikiwa mbali au haipo, anapigiwa dereva jamii, yaani mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyesajiliwa kwa kazi hiyo. Hospitali nayo inaambiwa mapema. Mgonjwa akishafika, nauli inaingia kwenye simu ya dereva. Mfumo wenyewe unaitwa m-mama. Ulijaribiwa kwanza Sengerema na kwa jirani zetu wa Shinyanga, Rais Samia akauzindua kwa ajili ya nchi nzima Aprili 2022.

Kwetu akaja nani? Yule kaka anayebeba mahindi kwa Noah yake siku za mnada! Kaja na ndala na msuli, macho mekundu. Mama akamkimbilia, "Baba, pokea hizi kwanza, nyingine tutatafuta asubuhi."

"Mama, ingia garini. Nimeshalipiwa."

Alidanganya kidogo, maana hulipwa akishafikisha, lakini saa nane usiku nani ana muda wa maelezo?

Njia ilikuwa tope tupu. Mara mbili nilishuka kusukuma. Simu haijafupisha barabara hata hatua moja, tusidanganyane. Na umbali kwetu si kitu kigeni, Wanyamwezi ndio waliobeba pembe mpaka Bagamoyo kwa miguu. Mimi naona wengi wamepotelea pale mlangoni, gari lipo, dereva yupo, watu wazima wanavutana bei.

Hospitali tulikuta kitanda cha magurudumu kiko nje, wanatusubiri. Wifi aliongezewa damu. Alfajiri daktari akatuambia tukamwone.

Uani simu ya dereva ikalia. Mama akataka nimsomee kiasi. Nikamsomea. Akanyamaza sana, halafu akasema, "Hiyo haifiki hata mbuzi."

Wifi sasa anapika, ananisema kama kawaida yake.

Lakini wiki mbili baadaye, pale barabara ya Singida inapoingia Nzega, lori lilimgonga kijana wa bodaboda. Mguu umevunjika, mfupa unaonekana. Mimi kwa kujua kwangu nikatoa simu nipige 115. Mama mmoja muuza karanga akanishika mkono, "Hiyo ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga, mwanangu." Kweli, ndivyo ulivyotengenezwa. Bajaji ikasimama. Dereva akachungulia, akatazama damu, akatazama kiti chake, akauliza nani analipa.

Tukavua kofia ya mmoja wetu, tukaanza kuchanga.